Farasi wa Sayyid na Dume la Mpwapwa

Lugha yetu ina maneno mengi ya farasi kuliko farasi wenyewe walivyo katika nchi yetu. Twanena lijamu na kigwe, tandiko na vikuku vya kupandia. Na hata asiyepata kumgusa mnyama huyo maishani mwake husema, bila kusita, kuwa fulani ameshika hatamu za uongozi. Mwengo bin Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate, mwaka wa 1728, alisimulia vita vya wapanda farasi kwa wasikilizaji ambao wengi wao walikuwa watu wa majahazi na mashamba, nao wakamwelewa. Lakini hapa Nzuguni, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, mtoto aweza kusoma darasa la kwanza hata la mwisho asimwone farasi ila katika picha. Anaowaona ni punda, wanaokokota madumu ya maji na magunia ya mahindi, na ng'ombe wa Wagogo wakivuka barabara jioni.

Jambo hili lastahili kuulizwa na mwanahistoria. Katika nchi nyingine dume mmoja wa farasi huandikiwa wasifu kamili kama mtu: siku aliyozaliwa, mbio alizokimbia, majike aliyopandishiwa, wana aliozaa na siku aliyokufa. Mbona katika uwanda huu wa kati hakuna wasifu wa namna hiyo? Jibu la haraka ni kuwa farasi hawakuishi hapa. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi, maana kazi mbili za dume wa farasi, yaani kuvuta na kuzalisha, zilifanywa na zingali zikifanywa hapa. Zimegawanywa tu: ya kwanza alipewa punda, ya pili alipewa fahali. Kilichokosekana hasa ni daftari.

Natuanze mbali kidogo, Unguja. Mnamo tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani, naye Edmund Roberts ndiye aliyeutia sahihi kwa niaba yao. Miaka michache baadaye Sayyid aliamua kupeleka merikebu yake mwenyewe hata kwao. Merikebu hiyo, Sultana, iliyoundwa Bombay, ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, chini ya Ahmad bin Na'aman. Ilichukua tende, buni, karafuu, pembe za ndovu, ngozi na mazulia. Juu ya bidhaa hizo zilikuwamo zawadi za Sayyid kwa Rais Martin Van Buren, na katika zawadi hizo, pamoja na lulu na mafuta ya waridi na upanga, walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.

Hebu msomaji afikiri safari ile ilivyokuwa kwa wanyama wale: kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kuivuka Atlantiki, na chombo kikipepesuka kila siku. Wakafika hai, jambo ambalo ni sifa kubwa kwa watunzaji wao, watu ambao hakuna aliyeyahifadhi majina yao. Walipofika, Rais hakuweza kuwapokea. Katiba ya Marekani yamkataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi ya mfalme wa nchi nyingine bila ya idhini ya Baraza la taifa lao. Baraza likashauriana, likatoa ruhusa zawadi zipokewe kwa jina la taifa, na zile zisizoweza kuwekwa ziuzwe, fedha zake ziingie Hazina. Mkufu wa lulu waweza kufungiwa kabatini, farasi hawezi. Basi farasi wa Sayyid wakanadiwa, na Sultana ikarudi Unguja mwezi wa Agosti ikiwa na shehena ya vitu vya Marekani, na ndani yake zile nguo za pamba ambazo watu wetu waliziita merikani. Tutakutana tena na nguo hizo.

Nimesema kuwa farasi wale walitoka katika zizi la mfalme. Sasa linganisha na aliyezaliwa miaka tisa tu baada ya mnada ule, katika jimbo lile lile la New York. Tarehe 5 Mei 1849, karibu na kijiji cha Chester, jike mlemavu wa mguu alizaa dume la rangi ya hudhurungi. Mwenye mali, Jonas Seely, hakuliona kuwa na thamani kubwa. Kibarua wake, William Rysdyk, akaomba auziwe jike na mwanawe, akauziwa kwa dola 125, fedha ambazo kwa kibarua zilikuwa deni la kumkosesha usingizi. Dume yule akaitwa Hambletonian.

Wamarekani wa zama hizo walikuwa wamevutwa sana na mbio za vigari. Farasi hufungwa kigari chepesi cha magurudumu mawili, na sharti lake ni kuwa asikimbie mbio za shoti bali aende matiti, yaani mguu wa mbele wa kulia upae pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume chake. Akiuvunja mwendo huo na kuanza kurukaruka, mwendeshaji hana budi kumzuia mpaka aurudie. Mashindano haya si ya nguvu peke yake, bali ni ya nguvu iliyotiwa adabu, na pengine ndiyo sababu yalipendwa na wakulima na wachuuzi, watu ambao farasi wao wa kwenda kanisani Jumapili aliweza kushindanishwa Jumatatu.

Ajabu ni kuwa Hambletonian mwenyewe karibu hakushindana kabisa. Habari yake ya uwanjani yamalizika kwa sentensi moja: mwaka wa 1852, akiwa na umri wa miaka mitatu, alipimwa katika kiwanja cha Long Island, akaenda maili moja kwa dakika 2 na sekunde 48 na nusu. Basi. Baada ya hapo Rysdyk alimrudisha shambani, akamfanya dume la mbegu. Ada ya kupandisha ilianzia dola 25 kwa jike. Kisha wanawe wakaanza kushinda, na Dexter, mmoja wao, mwaka wa 1867 alikwenda maili moja kwa dakika 2 na sekunde 17 na robo. Na baba, ambaye hakuwa ameondoka zizini, akapanda bei hata dola 500. Dexter alikuwa amehasiwa. Mwana aliyempa baba yake sifa kuliko wote hakuweza kuendeleza ukoo. Ukoo uliendelezwa na ndugu zake, hasa George Wilkes, Dictator, Happy Medium na Electioneer. Hambletonian alikufa mwezi wa Machi 1876, akiwa amezaa wana 1,331, na karibu kila farasi wa mbio za vigari wa Marekani aliye hai leo, ukifuata baba wa baba, hukomea kwake.

Tumejuaje haya? Tumejua kwa kuwa yaliandikwa. Rysdyk aliweka hesabu ya majike. Na mwaka wa 1871 lilichapishwa daftari la nasaba za farasi wa matiti. Na mwaka wa 1879 wafugaji walikata shauri kuwa farasi hataingia daftarini kwa uzuri wa shingo wala kwa cheo cha bwana wake, bali kwa kipimo: maili moja kwa dakika mbili na nusu, ama yeye mwenyewe, ama wanawe. Farasi wa Sayyid walikuwa na nasaba tukufu, yamkini tukufu kuliko ya mwana wa jike kilema. Lakini nasaba ile ilikuwa katika vifua vya watu wa Uarabuni, na mnadani haikuuzwa pamoja na mnyama. Ukoo unaotawala viwanja vile hautokani nao.

Baada ya hayo naturudi kwetu, tuone farasi mwingine wa zizi lile lile la Unguja alivyofanya alipoelekezwa bara. Tarehe 21 Machi 1871 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Alikuwa na punda 27 na farasi wawili. Mmoja, wa kijivu, alipewa na Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said. Farasi huyu hakuiona Ugogo. Siku chache tu kutoka pwani, katika kijiji cha Kingaru, alikufa, na yule wa pili akamfuata upesi. Stanley aliwapasua matumbo apate kujua sababu, akaona minyoo kwa mmoja na uvimbe kwa mwingine.

Kilichofuata chachekesha, nacho chafundisha. Yule wa kijivu alizikwa karibu na kambi, na mkuu wa kijiji akapeleka wajumbe kudai faini ya doti mbili za merikani, kwa kuwa mgeni amezika mnyama katika ardhi yake bila ya ruhusa. Stanley akajibu kuwa kama ardhi ndiyo inayodaiwa, basi atamfukua farasi na kuirudisha ardhi mahali pake, na mzoga utabaki juu kama ulivyokuwa. Mkuu akaona heri maneno yaishe kwa urafiki. Waandishi wengi wa Kizungu wamekisimulia kisa hiki kuwa ni tamaa ya mtu wa bara. Mimi naona mkuu yule alikuwa na hoja njema ya sheria, ila alikosa kupima harufu. Na tazama duara ilivyofungika: baba alipeleka farasi Marekani, meli ikarudi na merikani, mwana akampa farasi mtu aliyetumwa na gazeti la New York, na faini ya kaburi la farasi ikadaiwa kwa merikani.

Wageni waliofuata hawakukubali upesi kuwa njia ile haitaki mnyama wa kuvuta. Mwaka wa 1876 mmishenari Roger Price alitoka Saadani na maksai akafika Mpwapwa, akatangaza kuwa magari ya maksai yawezekana. Mwaka uliofuata Alexander Mackay akafyeka barabara kutoka Saadani hata Mpwapwa, na msafara wa magari ukajaribiwa. Maksai wakafa njiani kwa wingi, na magari yakaachwa. Mwaka wa 1879 mfalme wa Wabelgiji alituma tembo wanne wa India, wakashushwa Msasani, wakaswagwa kuelekea bara kwa kutumaini kuwa watakuwa wabeba mizigo wasioogopa mbung'o. Nao hawakudumu. Baada ya yote hayo mzigo ulibaki juu ya kichwa cha Mnyamwezi, mpaka reli ya kati ilipoondoa hitaji lenyewe.

Sababu ya vifo vile haikuwa siri kwa wenyeji, ila ilikuwa haijaitwa kwa jina la kitabibu. Kati ya pwani na Mpwapwa kulikuwa na ukanda wa mbung'o, na mwaka wa 1895 David Bruce, akiwa Zululand, ndiye aliyeonyesha kuwa kuna kijidudu katika damu ya mnyama aliyeumwa na mbung'o. Juu ya hayo kuna maradhi mengine ya farasi, yaletwayo na kirusi kinachochukuliwa na usubi wakati wa mvua. Farasi aliyeshikwa hupumua kwa taabu, povu humtoka puani, na aghalabu hafiki siku ya tatu au ya nne. Punda huyavumilia maradhi hayo, na punda milia hata haonekani kuugua. Ugogo yenyewe, kwa ukame wake na uwazi wake, haikuwa nchi ya mbung'o. Ndiyo maana ng'ombe walijaa. Kwa hiyo si sawa kusema kuwa uwanda huu uliwakataa wanyama. Njia ndiyo iliyowachuja, na farasi hakupita katika chujio.

Punda alipita. Hapana mnyama aliyetukanwa na Waswahili kama yeye: twasema asante yake ni mateke, twasema afe lakini mzigo wa bwana ufike. Unguja Waarabu matajiri walipanda punda weupe wa Masikati kwa fahari. Huku bara amekuwa mnyama wa mnyonge, na hasa wa mama na mtoto wanaokwenda kisimani. Kila nikiwatazama punda wa Nzuguni wakirudi na madumu, wanne wamefungwa sambamba, nawaona wakienda matiti ile ile iliyowatajirisha watu wa Chester, ila hakuna mwenye saa mkononi. Ukimwuliza mwenye mkokoteni baba wa punda wake ni yupi, atakucheka kwa adabu. Punda dume hupanda anapotaka na anapopata. Hachaguliwi, na aliye bora zaidi mara nyingi huhasiwa mapema ili atulie katika kazi, kama Dexter.

Wala thamani yake haikutambuliwa mpaka ilipokuja kutoka nje kwa sura mbaya. Ngozi za punda zilitakiwa China kwa kutengeneza dawa, na machinjio ya punda yakafunguliwa nchini, Dodoma pakiwa pamoja na mahali hapo. Wezi wakazuka, na bei ikapanda kupita uwezo wa mwenye kumhitaji kwa maji. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Zuio hilo ni jema. Hata hivyo lamlinda punda asife. Halimfanyi awe bora.

Sasa fahali. Mpwapwa, karibu kilomita 120 kutoka hapa, pana kituo cha mifugo ambacho asili yake ni enzi ya Wajerumani. Chini ya Waingereza wataalamu wa kituo hicho waliona kuwa ng'ombe wa asili wa uwanda huu ni mvumilivu wa njaa na kupe, lakini maziwa yake ni haba. Na ng'ombe wa Ulaya ana maziwa tele, lakini jua la Ugogo humwangusha. Wakaagiza madume ya Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wa nundu wa upande wa India na Pakistani ya leo, wakayapandishia majike ya hapa, wakaongeza damu ya Boran na kiasi kidogo cha Ayrshire. Kazi hiyo ya miaka mingi ilitambuliwa mwaka wa 1958 kuwa imezaa aina mpya, nayo ikaitwa Mpwapwa. Karibu theluthi mbili za damu yake ni ya wale wa Bara Hindi, na iliyobaki wamegawana wa hapa na wa Ulaya.

Huo ndio wasifu wa dume wa uwanda wa kati tuliokuwa tukiutafuta, nao ulikuwa na daftari. Kila jike lilikamuliwa kwa kipimo, na kila ndama aliandikwa baba na mama. Fahali hapimwi kwa mbio. Na kinachotakiwa kwake, maziwa, yeye mwenyewe hana hata tone. Hujulikana kwa binti zake, na binti huchukua miaka kadhaa kuzaliwa, kukua, kuzaa na kukamuliwa. Kwa hiyo atakayelitupa daftari la mwaka mmoja amepoteza jasho la miaka mitano nyuma yake. Hambletonian naye, lau kama asingeandikwa, angekuwa dume mnono wa kijijini na hapana zaidi.

Tangu mwaka wa 1977 kumekuwa na kituo cha taifa cha uhamilishaji huko Usa River, Arusha, ambapo mbegu za madume hugandishwa na kupelekwa mbali, hata fahali asiyetoka bandani mwake aweza kuwa na ndama Kigoma na Tanga. Kwa chombo hicho Mpwapwa angeenea nchi nzima. Hakuenea sana. Waliohitaji maziwa karibu na miji walipendelea damu ya Ulaya, yenye ndoo kubwa na gharama kubwa. Wafugaji wa mbali waliopata dume la Mpwapwa walimwachia katika kundi, akazaa, na wanawe wakazaa, pasipo kalamu. Baada ya vizazi vitatu mtu huona ng'ombe mwekundu mwenye umbo zuri, asijue kama ni Mpwapwa au ni rangi tu. Mpwapwa halisi wamebaki wachache, na walio wengi wamo katika mikono ya serikali.

Wako wasemao kuwa tusihuzunike, kwani damu njema haipotei, imo tu ndani ya makundi. Hoja hii ndiyo iliyowapata farasi wa Sayyid. Damu yao nayo yamkini imo mahali fulani Marekani, ndani ya farasi wa jembe au wa gari la maziwa wa karne iliyopita. Lakini hakuna awezaye kuichagua, wala kuiongeza, wala kuirudisha ikihitajiwa. Na itahitajiwa. Mvua za uwanda huu zinazidi kuwa za kubahatisha, na ng'ombe aliyetengenezwa makusudi kwa ajili ya jua hili ni huyu mmoja.

Kila mwaka mwezi wa Agosti viwanja vya Nane Nane vya hapa Nzuguni hujaa watu. Madume huletwa wameogeshwa, kamba puani, na watoto hubebwa mabegani wapate kuona nundu. Watu huuliza uzito, huuliza bei. Ningependa kuona kando ya kila dume ubao mdogo wenye majina ya mama yake na mama wa baba yake, na chini yake lita walizokamuliwa binti zake, mmoja mmoja; na mfugaji kutoka Bahi au Kongwa asimame hapo na daftari lake la shule, ayanakili.